Kufuata kwa Jicho la Mashine: Namna ya Kuunda Kamera ya Kubebeka Inayofuata Magari Barabarani

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna ya kuunda mfumo wa kamera unaobebeka, wenye uwezo wa kufuata chombo cha moto kinachosogea bila mkono wa mtu kuugeuza. Mfano unaotumika ni uchunguzi wa mwenendo wa madereva wanapokaribia kivuko cha waenda kwa miguu. Hoja kuu ni kwamba ugumu wa mfumo wa namna hii hauko katika kuliona gari, kazi ambayo kompyuta ndogo za leo zinaimudu, bali uko katika muda unaopotea kati ya kuona na kugeuka. Aidha, makala inapendekeza namna ya kutenganisha vitenzi kadhaa vya Kiswahili ambavyo vikichanganywa huvuruga maelezo ya mfumo wenyewe.

1.0 Utangulizi

Mtafiti anayetaka kujua kama madereva huwapisha watoto kwenye kivuko kilicho mbele ya shule, yaani zebra kama wengi wanavyokiita, kwa kawaida hutumia mojawapo ya njia mbili. Ya kwanza ni kuketi kando ya barabara na karatasi, akichora vijiti vitano vitano kwa magari yaliyosimama na yaliyopita. Ya pili ni kufunga kamera isiyogeuka, ikielekezwa kwenye kivuko. Njia zote mbili hujibu swali la ni madereva wangapi walisimama. Hazijibu swali la walianza kupunguza mwendo wakiwa wapi, na hilo ndilo linalomtenganisha dereva aliyemwona mtoto mapema na dereva aliyemwona kwa kushtuka.

Hesabu yake si ngumu. Gari linalokwenda km 50 kwa saa hukata takriban mita 14 kila sekunde. Dereva akitumia sekunde moja na nusu kuona, kuamua na kukanyaga breki, gari litakuwa limekwenda mita 21 kabla halijaanza kupunguza mwendo. Kwenye lami kavu, breki nzuri zitahitaji mita nyingine 14 hivi kulisimamisha. Kwa hiyo jambo linaloamua usalama wa mtoto hutokea mita 35 au zaidi kabla ya mistari myeupe, mahali ambapo mtu mwenye karatasi hatazami na kamera ya kivukoni haioni vizuri. Kinachohitajika ni jicho linalolipokea gari likiwa mbali na kulisindikiza hadi kivukoni. Tena jicho hilo libebeke, kwa kuwa shule ni nyingi na fedha za kufunga nguzo mbele ya kila moja hazipo.

Maelezo yanayofuata yamekusudiwa wanaofundisha au kuandika sayansi kwa Kiswahili. Hesabu zilizomo hazizidi zile za sekondari.

2.0 Suala la istilahi

Anayejaribu kueleza mfumo huu kwa Kiswahili hukwama mapema, kwa sababu kitenzi "kufuatilia" hutumika kwa mambo mengi mno. Mwandishi wa makala hii anaona kwamba msamiati uliopo unatosha, ilmradi kila neno lipewe kazi moja.

Kubaini kutumike kwa maana ya kujua kwamba ndani ya picha kuna chombo, na kipo sehemu gani. Kuainisha ni kusema chombo hicho ni cha aina gani: basi, lori, pikipiki. Kufuata ni kujua kwamba chombo kinachoonekana sasa ni kile kile kilichoonekana kitambo kidogo kilichopita, na kuendelea kukielekea. Kutambua ni kujua ni chombo kipi hasa, cha nani, chenye namba gani za usajili. Tukizitazama maana hizi kwa makini tutaona jambo lenye uzito: mashine inaweza kubaini, kuainisha na kufuata bila kutambua kamwe. Inajua kwamba hili ni lile lile. Haijui ni la nani.

Ama "kufuatilia", umbo lake lenyewe linatuelekeza. Kutoka fuata tunapata fuatia, na kutoka fuatia tunapata fuatilia. Kurudiwa kwa kauli ya kutendea, kama ilivyo katika vitenzi vingine vya Kiswahili, huongeza dhana ya kushikilia na kutoacha. Anayekufuata yuko nyuma yako. Anayekufuatilia ana jambo nawe. Inapendekezwa basi kwamba kazi ya kamera iitwe ufuataji, na neno ufuatiliaji liachiwe kazi ya upelelezi na ukaguzi. Tutaona katika sehemu ya mwisho kwamba tofauti hii si ya kinahau tu.

3.0 Kwa nini kamera igeuke

Swali la haki ni hili: kwa nini tusitumie lenzi pana inayoona barabara nzima kwa pamoja? Kwa kazi ya kuhesabu magari, jibu ni kwamba tutumie hiyo hiyo. Kamera inayogeuka ni gharama isiyo na sababu. Kwa kazi yetu, lenzi pana inashindwa kwa uchache wa nukta za picha, yaani pikseli.

Tuchukulie picha yenye upana wa pikseli 1920. Lenzi yenye upana wa digrii 60, ikitazama umbali wa mita 80, huona eneo la mita 92 hivi. Kila mita inapata pikseli 21. Pikipiki inayokuja, ikiwa na upana wa sentimita 80, itachukua pikseli 17 tu, doa ambalo programu italipoteza kwa urahisi. Tukiweka lenzi nyembamba ya digrii 15, eneo linaloonekana linakuwa mita 21, kila mita inapata pikseli 91, na pikipiki ile ile inachukua pikseli 73. Sasa inaonekana. Lakini lenzi nyembamba haioni barabara yote, na ndiyo maana inabidi igeuzwe.

Tuisimamishe kamera mita 25 kutoka barabarani, mkabala na kivuko. Gari likiwa mita 80 kabla ya kivuko, kamera itakuwa imegeuka digrii 73 hivi kutoka mkabala wake, na itapaswa kurudi pembe hiyo yote gari linapokaribia. Umbali huo wa mita 25 una sababu: hapo lenzi ya digrii 15 huona mita 6.6, na gari dogo linaenea. Basi kubwa halienei, nasi tutaridhika na kuona sehemu yake ya mbele.

4.0 Kubaini na kuainisha

Sehemu hii ya kazi imerahisishwa mno na maendeleo ya akili mnemba, au akili unde kama wengine wapendavyo kuiita. Mwaka 2016 Joseph Redmon na wenzake walichapisha mbinu iitwayo YOLO, ambayo huitazama picha nzima kwa mkupuo mmoja na kutoa visanduku vinavyozingira vitu vilivyomo, pamoja na jina la kila kitu. Matoleo madogo ya mbinu za ukoo huo huweza kufanya kazi ndani ya kompyuta yenye ukubwa wa kadi, kama vile Raspberry Pi, bila intaneti.

Hata hivyo mashine hujua tu kile ilichofundishwa. Hazina ya picha inayotumiwa sana kuzifundisha programu hizi, iitwayo COCO, ina aina 80 za vitu. Baiskeli, gari, pikipiki, basi na lori zimo. Bajaji haimo. Mashine ikikutana na bajaji huiita gari katika fremu moja na pikipiki katika fremu inayofuata. Basi dogo ambalo Mtanzania analiita daladala, Mkenya matatu na Mganda teksi, huyumba vivyo hivyo kati ya gari, basi na lori. Na baiskeli iliyosheheni mikungu ya ndizi ikishuka kuelekea Bujumbura inaweza isionekane kuwa chombo chochote, kwa kuwa machoni pa mashine ni rundo la ndizi linalotembea. Dawa yake inajulikana: kupiga picha za barabara zetu, kuzichorea visanduku kwa mkono, na kuifundisha programu upya juu ya ile elimu iliyo nayo. Ni kazi ya kuchosha, lakini haihitaji mtaalamu. Wanafunzi wachache wenye subira wanatosha, mradi picha ziwe za asubuhi, mchana, jioni na siku za mvua.

5.0 Kufuata: hili ni lile lile?

Visanduku vya fremu moja havijui lolote kuhusu visanduku vya fremu iliyotangulia. Programu ya ufuataji huvioanisha. Njia nyepesi ni kupima namna kisanduku kipya kinavyolaliana na mahali ambapo kile cha zamani kilitarajiwa kuwa, kisha kuchagua mpangilio wa jozi wenye gharama ndogo kuliko yote. Utaratibu wa kuchagua mpangilio huo ulichapishwa na Harold Kuhn mwaka 1955, naye akauita mbinu ya Kihangari kwa heshima ya wanahisabati wa Hungaria ambao kazi yao aliitegemea.

Ugumu huanza pale basi linapopita mbele ya bodaboda. Kwa sekunde moja au mbili pikipiki haipo pichani. Programu isiyo na kumbukumbu itaifuta, na itakapojitokeza upya itaipa jina jipya. Mtafiti atahesabu pikipiki mbili, moja ikiwa imetoweka barabarani na nyingine imezuka. Kwa hiyo kila chombo kipewe muda wa kusubiriwa, na kamera iinuliwe mita mbili na nusu au tatu juu ya ardhi ili ione juu ya mapaa ya magari madogo.

Kuna swali jingine ambalo wahandisi hulipuuza na ambalo kwa maoni yangu ndilo linaloweza kuharibu utafiti mzima. Kamera moja inayogeuka hufuata chombo kimoja kwa wakati mmoja. Ni kipi? Programu nyingi za mifano huchagua kisanduku kikubwa kuliko vyote. Ukiiacha hivyo, utarudi nyumbani na rekodi za mabasi na malori, nawe utaandika kwamba umechunguza "madereva", ilhali bodaboda zilizojaa barabara ile hukuzifuata. Sharti uchaguzi ufanywe kwa bahati nasibu miongoni mwa vyombo vyote vinavyovuka mstari wa mita 80, na kanuni hiyo iandikwe katika ripoti.

Pia upande wa kuendesha usichukuliwe kuwa ni ule ule kila mahali. Uganda, Kenya na Tanzania huendesha kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo huendesha kulia. Mfumo uliopangwa Ngara ukivushwa daraja la Rusumo utakuta magari ya njia ya karibu yanatoka upande usiotarajiwa, na utasubiri ukiwa umeyapa kisogo.

6.0 Muda unaopotea

Tuje kwenye kiini. Kamera inayopiga fremu 30 kwa sekunde hutoa picha moja kila milisekunde 33. Kubaini vyombo ndani ya picha, katika kompyuta ndogo, kunaweza kuchukua milisekunde 100. Mota ya kawaida ya servo hupokea amri mpya kila milisekunde 20, kisha yenyewe ina uzito wa kuusukuma. Tuchukulie jumla ni sekunde 0.2. Ni kufumba na kufumbua, nani angeijali?

Gari la km 50 kwa saa likipita mkabala na kamera iliyo mita 25, pembe ya kulitazama hubadilika kwa digrii 32 kila sekunde. Katika sekunde 0.2 inabadilika digrii 6.4. Lenzi yetu ni ya digrii 15, yaani kutoka katikati hadi ukingoni ni digrii 7.5. Kamera inayogeukia pale ilipoliona gari italikuta ukingoni mwa picha, nusu yake ikiwa imekatwa. Kompyuta ikichelewa sehemu nyingine ndogo ya sekunde, gari halipo tena.

Wengi hujaribu kutibu hali hii kwa kuiamuru mota ikimbie zaidi. Matokeo yake ni kamera inayolipita gari, ikarudi, ikalipita tena, ikiyumba kama mlevi anayetafuta tundu la kufuli. Jambo hili si geni. Mwaka 1922 Nicolas Minorsky alichapisha uchambuzi wake kuhusu uongozaji wa meli, naye alizingatia kwamba mshika usukani stadi hatazami tu meli imepotoka kiasi gani. Hutazama pia imekuwa ikipotoka kwa muda gani na inaendelea kupotoka kwa kasi gani. Vidhibiti vya sehemu tatu vinavyotokana na fikra hiyo vimo leo katika mitambo isiyohesabika, na mfumo wetu unakihitaji kimoja ili usiyumbe.

Lakini kutoyumba si sawa na kuwahi. Ili iwahi, kamera haina budi kubashiri. Mchezaji mpira hampigii mwenzake pasi pale alipo. Humpigia pale atakapokuwa. Chombo cha hisabati kinachotumika ni kichujio cha Kalman, kilichopewa jina la Rudolf Kalman aliyechapisha nadharia yake mwaka 1960, na ambacho kilitumika katika kuongoza safari za Apollo kwenda mwezini. Utaratibu wake unaelezeka bila alama za hisabati. Kichujio hubashiri mahali gari litakapokuwa, husubiri kipimo kipya, hulinganisha viwili hivyo, kisha hukubali kile kinachoaminika zaidi kwa uzito mkubwa zaidi. Kipimo kikikosekana, kwa mfano basi limeziba, huendelea na ubashiri peke yake huku imani yake ikipungua.

Hapa pana mtego. Wanaoanza hubashiri kwa pikseli au kwa digrii: pembe ilibadilika kiasi hiki, basi itabadilika kiasi hicho tena. Lakini gari likiwa mita 80 kabla ya kivuko, pembe yake hubadilika chini ya digrii 3 kwa sekunde. Likifika mkabala, digrii 32. Ni zaidi ya mara kumi, ilhali dereva hajaongeza mwendo hata kidogo. Kilichobadilika ni mahali tunapotazamia. Ubashiri ufanywe kwa mita za barabarani, ambako mwendo wa gari ni mtulivu, kisha jibu ndilo ligeuzwe kuwa pembe. Barabara ikiwa imenyooka na kamera ikiwa mita 25 kutoka humo, umbali wa gari kutoka kivukoni ni 25 mara tanjenti ya pembe ya kamera. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaimudu hesabu hiyo, na ndiyo inayotofautisha kamera inayofuata na kamera inayofukuza.

Tanjenti hiyo hiyo inatuonya. Kwenye kivuko, kosa la digrii moja katika pembe ni kosa la sentimita 44 barabarani. Kwenye umbali wa mita 80, kosa lile lile la digrii moja linakuwa karibu mita 5. Anayetaka kusema dereva alianza kupunguza mwendo akiwa mita ngapi, lazima ajue anasema kwa usahihi gani.

7.0 Mwili wa mfumo

Kwa sababu hiyo mota za servo za bei nafuu, ambazo meno yake hulegea, hazifai ingawa ni nyepesi. Mota ya hatua yenye hatua 200 kwa mzunguko husogea digrii 1.8 kila hatua, nayo bado ni kubwa mno; kila hatua ikigawanywa mara 16 kielektroniki tunapata digrii 0.11, ingawa chini ya mzigo usahihi hupungua kidogo. Stendi ya miguu mitatu itundikwe mfuko wa mchanga, maana lori likipita ardhi hutikisika.

Shata ya kamera ifunguke kwa muda mfupi. Kwa sehemu ya 1/50 ya sekunde gari letu husogea sentimita 28 na picha hufifia. Kwa 1/1000 husogea sentimita moja na nusu tu.

Kuhusu umeme, tuseme mfumo unatumia wati 15 kwa saa 8, yaani watisaa 120. Pawabenki iliyoandikwa 20,000 mAh haina watisaa 100 kama wengi wanavyodhani, kwa kuwa kipimo hicho ni cha volti 3.7 za seli za ndani: ni watisaa 74, kabla ya hasara za ubadilishaji. Betri ya asidi ya volti 12 na 18 Ah ina watisaa 216, lakini ikitumiwa zaidi ya nusu mara kwa mara hufa mapema. Nusu yake ni 108. Kwa siku nzima ya kazi zitahitajika mbili, na mbebaji wake apewe pole.

Joto ndilo adui asiyetarajiwa. Raspberry Pi ikifika nyuzi 80 za Selsiasi huanza kujipunguzia kasi ili isiungue. Ndani ya kisanduku cheusi juani, nyuzi hizo hazichelewi kufika. Kompyuta haizimi, wala haitoi onyo linaloonekana. Inapunguza tu kasi, zile milisekunde 100 zinakuwa 150 au 200, na kamera iliyokuwa ikifuata vizuri saa tatu asubuhi inaanza kuyapoteza magari saa saba mchana. Kisanduku kiwe cheupe, kiwe na feni, na muda wa kila fremu uandikwe katika rekodi ili ubashiri utumie uchelewaji uliopo kweli, si ule uliopimwa maabara.

8.0 Kufuata bila kufuatilia

Jijini Kigali watu wamezipa kamera za mwendo kasi jina la utani, Sofia. Jina hilo linaonyesha kwamba mtu akiiona kamera barabarani huichukulia kuwa ina jambo naye. Mtafiti anayesimamisha kamera inayogeuka mbele ya shule hawezi kujifanya hajui hilo, hasa kwa kuwa wanaovuka ni watoto.

Nchi zetu zina sheria. Kenya na Uganda zilitunga sheria za ulinzi wa data mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 kwa Sheria Na. 058/2021, na Tanzania mwaka 2022. Kibali cha uongozi wa mahali na cha shule ni cha lazima, lakini muundo wa mfumo wenyewe unaweza kufanya zaidi ya kibali. Kwa vile ufuataji hauhitaji utambuzi, fremu zikae katika kumbukumbu ya muda kwa sekunde chache, zitoe namba za umbali na wakati, kisha zifutwe. Kinachorudi nyumbani ni jedwali: chombo cha 41, pikipiki, mita 62, sekunde 3.4. Fremu chache zinazohifadhiwa kwa ajili ya kukagua usahihi zifutwe nyuso na pleti kabla hazijaondoka ndani ya kifaa.

Na pawepo kibao kando ya stendi, kikieleza ni nani anayechunguza, kwa ajili gani, na apigiwe simu gani. Kiandikwe kwa lugha ya wapitao: Kinyarwanda Kigali, Kiswahili na Kirundi pale Buyenzi. Kwenye kibao cha Kiswahili iandikwe kwamba kamera hii inafuata magari; kikiandikwa kwamba inayafuatilia, dereva wa bodaboda atakisoma, ataelewa sawasawa, na atapita njia nyingine.